Aliyelala Ameketi

Jumatatu waliichukua mashine yangu. Kijana mmoja wa idara ya vifaa, shati jeupe, kucha safi, aliizunguka mara mbili, akabandika ubavuni utepe ulioandikwa HAIFAI, akaniambia nisaini. Nikamuuliza, "Haifai kwa nani?" Akacheka akidhani namtania. Wala sikuwa namtania. Mashine ile ya altrasaundi nilianza nayo kazi Mbozi nikiwa msichana, na nilipohamishiwa hapa Tunduma, baada ya miaka nayo ikaletwa huku, kama gauni la mtoto mkubwa analorithishwa mdogo. Kwenye kioo chake nimewaona watu ambao leo wanaendesha bodaboda mpakani na kunipigia honi nipishe njia, hawajui kwamba niliwaona kabla ya mama zao. Nikasaini. Wakaipakia kwenye pikapu, miguu juu, mimi nikaingia chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mashine mpya ilikuwa imeshafika, ya moyo hasa, inaonyesha damu ikipita kwa rangi nyekundu na buluu. Mganga mfawidhi akaniambia Ijumaa nitawafundisha vijana watano kuitumia, na kwamba nitafute mtu wa kujitolea alale wamtazame. Sikuwaza mara mbili. Nikapiga simu Ileje. "Sista Lalachali!" Sekela alipokea hata sijasema haloo. "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, nautaka moyo wake. "Uchukue tu," akasema, "si ulishauona wote?" Tukacheka mpaka salio likakata. Halafu nikabaki nimeshika simu, na mwaka ule nilipokutana naye Mbozi ukanirudia wote, kuanzia harufu ya chumba.

Kile chumba kilikuwa stoo ya vyandarua kabla ya kuwa chumba cha altrasaundi, na harufu ya dawa ya vyandarua haikutoka kamwe. Dirisha tulilifunika kwa blanketi la kijivu ili kioo kionekane vizuri. Kitanda kilikuwa kirefu, kina kingazi cha mbao cha kupandia, na wajawazito walikipanda wakihema huku wameshika bega langu. Enzi hizo Songwe haijawa mkoa, tuko chini ya Mbeya bado, na mashine kama ile ilikuwa habari ya mjini. Walikuja kutoka Mlowo, Ihanda, Msangano huko bondeni, wengine wamelala njiani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi mkunga, sijaolewa, na mdomo ninao. Kila mama nilimpa maneno matatu: "Lala chali. Funua tumbo. Usiongee." Ndiyo wakanipa jina. Mwanzoni walinisema nyuma ya mgongo, baadaye wakaniita usoni, na mimi, mjinga, nikajiona maarufu.

Mwaka ule Daktari Simbeye, mkuu wetu wa wodi, alirudi kutoka masomoni na jambo kichwani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, anakunywa kahawa bila sukari na kuwashangaa wanaotia. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu akanitazama nikipima mama watatu, kisha akasema, "Wewe kila siku unamsalimia mgeni, mwenye nyumba humsalimii." Sikumwelewa. Akachukua kile kichwa cha mashine tunachokipitisha tumboni, akakipeleka juu, chini ya mbavu, akakiinamisha kama mtu anayechungulia uvunguni. Mtoto akatoweka kwenye kioo. Pakatokea moyo wa mama, vyumba vyake vinne, milango yake inafunguka na kufunga. Jamani! Nilikuwa nimeitumia mashine ile karibu mwaka mzima na sikuwahi kuwaza kupanda vidole vitano juu zaidi. Akanieleza kwamba mimba huongeza kazi ya moyo, na kwamba wapo akina mama ambao moyo hutanuka na kulegea miezi ya mwisho, wakahema, wakavimba, na sisi tukasema ni pumu, ni baridi, ni mimba tu. Wakifika kujifungua tunawalaza chali na kuwatundikia chupa ya maji, na yale maji yanawamaliza.

Basi nikapewa kazi. Kila mama aliyevimba au anayehema nimtazame moyo, na kwa kuwa karatasi za mashine zilikwisha, niuchore kwa penseli kwenye daftari la shule. Michoro yangu ya kwanza ilikuwa viazi. Na ilikuwepo safu ya swali moja alilokuja nalo kutoka masomoni: mama analala na mito mingapi? Maana mwenye moyo dhaifu akilala chali hukosa pumzi, kwa hiyo hurundika mito ainuke. Nikauliza wiki tatu. Mto gani? Wanawake wetu walikunja khanga wakaweka kichwa. Safu nzima ikajaa sifuri. Nikamwambia Daktari swali lake ni la watu wenye makochi. Akacheka, akasema, "Basi tafuta lako." Sikulitafuta. Nilikuwa na foleni.

Nyuma ya wodi palikuwa na nyumba ya kusubiria, wenyewe waliiita Ngojea, wanapokaa wajawazito wa mbali mpaka siku zao. Chumba kimoja kirefu, mikeka na magodoro ya sponji, na nje jiko la mafiga lenye paa la bati jeusi kwa moshi. Nilipenda kwenda kunywa kahawa pale asubuhi kwa sababu umbea wake ulikuwa mtamu kuliko mahali pengine popote. Kila mmoja alipika chake. Wa Mbozi makande, wa Msangano wali wao mweupe wanaojidai nao, wa Ileje viazi na maharage. Salamu yetu ya asubuhi ni kuuliza umelala, "Mwagona?", na wote hujibu wamelala, hata aliyekesha na jino. Sekela peke yake alijibu tofauti. Alikuwa mama mwembamba wa milima ya Ileje, mimba ya pili, uso mzuri uliovimba kidogo chini ya macho. Akiulizwa amelalaje, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nimekaa salama." Na jiko zima likaangua kicheko.

Maana ni kweli alikuwa amekaa. Usiku kucha aliegemea ukuta, magoti juu, kapu lake la viazi pembeni. "Analinda kapu," alisema mmoja wa Msangano, mama mwenye sauti ya tarumbeta anayeitwa Tabia. "Watu wa milimani ndivyo walivyo. Anaona tukimwona amelala tutamla viazi." Mwingine akasema hapana, anaogopa kukoroma. Sekela alitabasamu tu na kunywa uji wake vijiko vitatu, anapumzika, vijiko viwili, anapumzika. Na mimi, muuguzi mwenye daftari la mioyo, kikombe mkononi, nilisema, "Mwajirini ulinzi benki ya Mlowo." Wakacheka mpaka Tabia akamwaga chai. Nimefanya makosa mengi kazini, hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa napika, nikiwa kanisani, popote.

Nilikuwa nimeshampima mara mbili. Mara zote mbili alipanda kile kitanda, akalala, akahesabu labda kumi, akainuka anakohoa. "Lala!" nikamwambia. Akalala, akainuka. Nikapata kichwa cha mtoto, nikapata mapigo ya mtoto, nikaandika "mtoto mzima, mama mkaidi". Mbavuni sikufika, kwa sababu kufika mbavuni kulihitaji mama atulie chali, na yeye hakutulia. Foleni ilikuwa inanisubiri mlangoni. Niliandika neno lile mkaidi kwa wino, lipo mpaka leo.

Alhamisi moja ya masika mama mkwe wake akaja kumletea viazi. Mama mmoja mnyoofu, kilemba kimefungwa sawasawa, gumboti zimejaa tope. Alikaa jikoni Ngojea akipukuchua maharage, na Tabia, ambaye hakujua kunyamaza, akamwambia, "Mama, huyu mkwe wako analinda kapu usiku kucha, haki ya Mungu hatumwibii." Mama mkwe akainua kichwa. Hakuona utani wowote. Akasema kwa fahari, "Huyu? Ndivyo alivyo. Mwanangu yuko mpakani na maroli. Huyu analala chumba cha mbele, na baba mkwe wake hupita pale alfajiri kwenda kukamua. Kwetu baba mkwe hawezi kumkuta mke wa mwanawe amelala. Wengine huamka haraka wakajifunika. Huyu hulala ameketi kabisa, miezi miwili sasa, ili asimkute vibaya. Kijiji kizima kinamsifu. Wanawaambia wasichana wao, tazameni heshima ile."

Huku baba mkwe hayupo. Huku Ngojea ni wanawake watupu, hakuna anayepita alfajiri, sasa anamketia nani? Nikamtazama Sekela, naye alikuwa ananitazama, na macho yale sitayasahau. Nikaweka kikombe chini, nikamshika mkono mbele ya wote, nikasema, "Twende." Tabia akauliza, "Kafanya nini tena?" Nikamwambia, "Yeye hajafanya kitu. Ni sisi."

Chumbani sikumpandisha kitandani. Nilivuta benchi la foleni nikaliingiza ndani, nikamketisha kaegemea ukuta, nikapiga magoti sakafuni na jeli mkononi. "Sista," akasema, "leo hunilazi?" Nikamwambia, "Leo nalala mimi." Na kweli nilikuwa karibu kulala sakafuni, shingo imepinda nikitazama kioo. Nikapeleka kichwa cha mashine chini ya mbavu. Nikatafuta, nikapoteza, nikapata. Moyo ulikuwa mkubwa umejaa kioo kizima, na kuta zake zilikuwa zikisogea kidogo tu, kivivu, kama mtu anayeamshwa asubuhi akasema nakuja, asije. Nikauchora. Safari hii haukuwa kiazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akavuta pumzi mara tatu kabla ya kujibu. "Nikilala nazama, Sista. Nyumbani nilitaka kusema. Lakini walianza kunisifu. Mama mkwe ananisifu kanisani, mbele ya watu. Ningesemaje kwamba ile siyo heshima, ni ugonjwa? Na huku mkaanza kunicheka. Nikaona bora kuchekwa." Nikaomba radhi. Nililia pia, sifichi.

Daktari Simbeye akaja, naye akapiga magoti, akatazama muda mrefu. Akasema moyo umechoka, mimba imeulemea, na kwamba unaweza kupona kabisa kama tutauvusha salama kwenye kujifungua. "Nitakufa?" Sekela aliuliza hivyo hivyo, kavu. Daktari akamjibu, "Ukilazwa chali na kutundikiwa maji, ndiyo. Ukiachwa ukae, tuna nafasi nzuri." Akaanza dawa ya kupunguza maji mwilini siku ile ile, na gari la kumpeleka hospitali kubwa Mbeya likaahidiwa Jumamosi. Aliandika maagizo kwenye faili. Mimi nikaongeza langu kwenye daftari, chini ya mchoro, kwa herufi kubwa: ASILALE.

Mtoto hakuisubiri Jumamosi. Ijumaa saa tatu asubuhi, uji uko mezani, Sekela akashikwa na uchungu, wenzake wakampeleka leba. Daktari yuko chumba cha upasuaji, mikono tumboni kwa mama mwingine. Nikakimbia leba nikamkuta Sista Yusta. Niseme kuhusu Sista Yusta: mkunga mkuu, mikono minene, sauti ya kuamrisha jeshi, amezalisha mpaka wajukuu wa aliowazalisha. Alikuwa ameshaning'iniza chupa ya maji na anampapasa Sekela bega alale. "Sista, huyu halali," nikasema. Hakugeuka. "Kitanda hiki kimezalisha wilaya nzima. Hakuna aliyekiketia." Sekela midomo imekuwa ya kijivu. Nikafanya kitu ambacho msichana wa miaka ishirini na saba hamfanyii Sista Yusta. Niliitoa ile chupa kwenye kitundikio nikaificha nyuma yangu, na kwa mkono mwingine nikamfungulia daftari puani. "Tazama. Huu ni moyo wa mzima, wa Tabia. Huu ni wake. Ukimlaza unaufunika na maji. Nifukuze kazi jioni, sasa hivi mwache akae."

Alitazama michoro ile. Akamtazama Sekela. Halafu akasema, "Sasa mimi nitamzalishaje mtu aliyekaa?" Na hapo mlangoni, gumboti mkononi, sauti ikajibu, "Kama tulivyozaa sisi." Mama mkwe. Tangu jana tulipomweleza hakuondoka Ngojea, na sasa hakuombwa, hakuuliza. Alipanda kitandani nyuma ya mkwe wake, akaegemeza mgongo wake ukutani, akamweka Sekela kifuani pake, mikono chini ya makwapa, magoti huku na huku. "Niegemee, mwanangu. Mimi ndiye niliyekusifu vibaya. Sasa niegemee." Sista Yusta akasonya, akakunja mikono ya sare, akashuka sakafuni kwa magoti yote mawili. Mimi nikashika mkono wa Sekela na kuhesabu pumzi. "Usikaze sana," Sista Yusta akawa anasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "acha mtoto afanye kazi, wewe pumzika, pumzika." Ilichukua muda. Nilidhani mara mbili kwamba tumempoteza. Kisha mtoto akalia, msichana, hasira tele, na Sekela akiwa ameketi wima alikuwa mtu wa kwanza kumwona. Midomo yake ikarudi rangi taratibu. Sista Yusta, bado yuko chini, akasema, "Nisaidieni kunyanyuka, washenzi nyie, magoti yangu." Tulicheka sote wanne tukilia, na nje Tabia aliyekuwa ametega sikio dirishani akapiga vigelegele mpaka wodi ya wanaume wakauliza kuna nini.

Mtoto wakamwita Yusta. Mimi niliyeuona moyo nikaambulia viazi debe moja. Sijasahau.

Mwaka uliobaki Sekela alikuja kila mwezi kutoka kliniki ya Mbeya akiwa na dawa zake, apite kwangu nimchore. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na ukilipeperusha kurasa haraka unaona moyo ukinywea, mwezi kwa mwezi, na kuta zikianza kukaza. Swali la mito nililifuta kwa rula. Juu yake nikaandika langu: usiku umelala au umeketi? Kwa swali lile tuliwapata wengine wawili kabla ya mwaka kuisha, mmoja wa Ihanda na mmoja wa Mlowo, wote wakisifiwa makwao kwa jambo fulani. Desemba, mvua mpya imeanza, nilimtazama Sekela kwenye kioo nikaona moyo unakaza na kuachia sawasawa, kama ngumi ya mtu mwenye kazi. Nikamwita Daktari, nikamwita Sista Yusta, nikamwita hadi mpishi. Daktari akasema, "Umepona, mama." Sekela akafunga vifungo vya blauzi, bado yuko kwenye benchi lile lile. Nikamwambia sasa panda kitandani, lala, tuone. Akakataa. Nyumbani, alisema, siku hizi analala chali kama watu wengine, na baba mkwe wamemjengea mlango wa nyuma. "Lakini kitandani kwako, Sista, hapana. Moyo umepona, mimi bado."

Nikamwacha. Na miaka yote hii, kila alipopita kunisalimia, iwe Mbozi iwe Tunduma, alichagua kiti.

Ijumaa alifika mapema, na begi la viazi, na binti yake Yusta ambaye amenipita urefu na anasomea ualimu. Vijana wangu watano wamesimama na madaftari, wote wanajua kubonyeza kuliko mimi. Chumba kipya kina vigae na feni, na pazia la kweli dirishani. Nilikuwa nimeweka kiti tayari karibu na mashine. Sekela akakitazama, akakisogeza kwa mguu, akapanda kitandani. Nikasimama na jeli mkononi, maneno yangu matatu yamenikauka. Akaniambia, "Sema basi. Si jina lako?"

"Lala chali," nikasema.

Akalala. Nikaweka kichwa cha mashine, na moyo wake ukajaa kioo, mwekundu na buluu, milango inafunguka inafunga, kila ukuta unafanya kazi yake. Nikawaonyesha vijana. Nikawaambia kwanza msalimieni mwenye nyumba. Nikawaeleza kuhusu benchi, kapu la viazi, na mama aliyesifiwa, na nikawaambia lile neno mkaidi nililoandika kwa wino. Nilieleza kwa muda mrefu, mdomo ninao bado. Kijana mmoja akainua mkono. Nikadhani ana swali. Akanong'ona, "Sista, mama amelala."

Nikageuka. Kweli. Chali, mikono pembeni, mdomo wazi kidogo, saa nne asubuhi, taa zote zinawaka, watu saba wamemzunguka, anakoroma. Binti yake akanyoosha mkono amwamshe. Nikamshika.

"Mwache," nikasema. Nikavuta kile kiti, nikaketi mimi.